Kumrekodi Mama Jiweni

Nina studio Tunduma. Nikisema studio, watu wa mbali hufikiria vioo na viti vya kuzunguka. Yangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kuta zimebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro, na karibu kila kwaya iliyorekodi kwangu ina honi ya lori mahali fulani kwenye ubeti wa pili. Malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hayana habari na sauti ya kwanza wala ya nne. Kinachonilisha hasa ni matangazo. Kama umewahi kupita Tunduma ukasikia spika inakukaribisha kwenye duka la magodoro kwa Kiswahili, halafu kwa Kibemba, kwa furaha isiyo ya kawaida, basi huyo ni mimi. Mke wangu husema angependa siku moja nimsalimie na yeye hivyo hivyo nikirudi nyumbani.

Mratibu wa mradi alinikuta nikirekodi tangazo la dawa ya mende. Alikuwa ametoka Dar es Salaam, amevaa shati lenye mifuko mingi ambayo sikuwahi kumwona akitoa kitu ndani yake. Akaniambia kwamba muziki wa asili unakufa vijijini, na kwamba mradi wake umekuja kuuokoa. Aliyasema hayo kwa huzuni iliyokaa vizuri, kama mtu aliyekwisha kuyasema katika mikoa mingine. Alimhitaji mtu mwenye mashine na mwenye lugha za huku. Mashine nilikuwa nazo. Kindali, lugha ya mama yangu, nilikuwa nacho cha kutosha kugombezwa.

Kwanza tukapelekwa Vwawa kwenye semina elekezi. Siku mbili tulifundishwa namna ya kukaa na wazee na kuwasikiliza, na mzee hata mmoja hakualikwa. Tuligawanywa makundi, tukapewa karatasi kubwa na kalamu za rangi. Kundi letu lilichora mti. Mizizi ilikuwa wazee, shina sikumbuki lilikuwa nani, na matunda tulikuwa sisi. Tulipigiwa makofi.

Siku ya pili mratibu akauliza nani kati yetu ana chanzo hai. Baada ya kueleweshwa kwamba maana yake ni mtu ambaye bado anaziimba nyimbo za zamani na bado anapumua, nilinyoosha mkono. Nikasema mama yangu yuko Mbebe, kule juu Ileje, na mpaka leo anasaga ulezi kwa jiwe na kuimba. Mratibu alinitazama kwa shukrani, kama abiria wa safari ndefu aliyeonyeshwa choo.

Jambo ambalo sikulisema pale semina ni kwamba chanzo hai chenyewe nilikuwa mbioni kukihamisha. Nilikuwa nimemjengea mama chumba Tunduma, pembeni ya nyumba yangu, chenye vigae na dirisha la alumini. Rangi nilichagua mwenyewe, ya maziwa. Ndugu zangu walinisifu kwenye kundi la familia la simu mpaka nikaona aibu kidogo, lakini aibu ya kufurahia. Krismasi nilipanda Mbebe, na baada ya ibada, mbele ya majirani, nikamtangazia mama kwamba mavuno yakiisha atakuja kupumzika kwangu. Majirani wakashangilia. Mama akasema, "Haya, baba."

Hapo lazima nieleze. Mama huniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake mzazi. Tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni aliniita baba, akinichapa alimwomba radhi baba yake kwanza ndipo akanichapa. Nilipokuwa mtu mzima akaacha kunichapa, akabaki na ile heshima. Mama hawezi kumwambia baba yake hapana. Kwa hiyo "haya, baba" yake mimi niliichukua kuwa ni ndiyo, nikaenda kununua kitanda.

Ila kwetu kuna mahali ambapo mwanamke anaweza kumwambia hapana mtu yeyote. Mwanamke akiwa amepiga magoti kwenye jiwe anasaga, ana ruhusa ya kuimba jambo lolote linalomkera, na kumwimba yeyote: mume, mama mkwe, wifi, mtoto. Anayeimbwa hajibu. Hatakiwi hata kukohoa. Wala baadaye hatakiwi kuuliza ni nani aliyekuwa anasemwa. Anachoruhusiwa ni kusikia, na akishasikia ajue mwenyewe la kufanya. Mwanamke akiinuka na kujikung'uta unga, mambo yale ameyaacha pale pale, anakuja kukuuliza kama utakula sasa hivi au baadaye. Baba yangu alikuwa mkali, hata ng'ombe wa jirani walimwogopa, na mara nyingi nilimwona amekaa nje ya jiko ananoa jembe lililokuwa kali tangu jana, huku ndani mama anaimba habari ya paa linalovuja upande wa wanaolala. Kesho yake baba alikwenda kukata nyasi za kuezekea, na hakuna aliyesema neno.

Yote haya niliyajua. Niliyajua tangu nazaliwa, nikayaacha nyumbani nilipokwenda semina.

Siku ya kurekodi tulianzia Itumba, tukasaini kitabu cha wageni wilayani, kisha tukapanda Mbebe. Tulikuwa watu watatu: mratibu, mimi, na afisa utamaduni mmoja, dada wa Kinyiha kutoka Mbozi aliyekuwa na kamera na subira. Habari zetu zilikuwa zimetutangulia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa nia njema kabisa. Kijijini kwetu watu wanajua aina moja tu ya kurekodiwa, nayo ni kwaya. Mwalimu wa kwaya aliposikia kwamba wageni wanakuja kurekodi nyimbo za zamani, alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye kujiheshimu angefanya. Alizikusanya zile nyimbo kutoka kwa vikongwe, akaziandika kwa do re mi, akazigawa sauti nne, akaondoa maneno yasiyofaa mbele ya wageni, na akafanyisha mazoezi kila jioni kwa wiki mbili.

Walitupokea wamevaa majoho ya bluu yenye kola nyeupe. Mwalimu akatoa noti ya kuanzia kwa sauti, wanakwaya wakaipokea, na wimbo wa kuvuna ulezi ukaanza, umenyooka, unapanda na kushuka kwa adabu, mpaka mwisho ambapo ulifungwa kwa Amina ya sauti nne. Nasema kweli, ulikuwa mzuri. Nimerekodi kwaya miaka mingi na sijasikia besi safi namna ile. Nilikuwa kwenye wimbo wa pili, nimefumba macho, mratibu aliponiwekea mkono begani na kuninong'oneza kwamba huu si uasilia.

Mwalimu wa kwaya alipoelezwa hakuelewa, na mimi sikumlaumu. Alisema huo uasilia anaufahamu, ameukuta kwa bibi zake, na ndio aliokuwa anausafisha. Katika hali yake ya zamani kila mtu anaingia anapotaka, na wimbo hauna mwisho, unaisha kazi ikiisha. Aliuliza ni nani huko Dar es Salaam atakayekaa kusikiliza wimbo usio na mwisho. Mratibu akamjibu kwamba watu wa kufanya hivyo wapo, na wamesomea.

Kisha mratibu akafungua begi akatoa mavazi. Yalikuwa vitambaa vya madoa ya chui, na niliyatambua, yanauzwa Tunduma karibu na stendi, watu hushonea mito ya makochi. Akawaomba akina mama wavue majoho na kujifunga yale. Walianza kuulizana hilo ni vazi la kabila gani. Mmoja aliuliza kama ni sare ya harusi na ya nani. Hakuna mtu wa Mbebe aliyewahi kuvaa chui katika kumbukumbu za yeyote. Kule juu kuna baridi, na hata wakongwe kabisa wanachokumbuka ni mablanketi. Kwa kuwa ni watu wa kuheshimu wageni, walijifunga. Walipotakiwa kuvua masweta, hapo wakagoma, na ugomvi ule mratibu hakuushinda. Ndiyo maana katika picha zote za mradi utawaona akina mama wa Afrika ya kale wamesimama kwenye majani, wamejifunga chui, na ndani wana masweta ya mikono mirefu, moja limeandikwa jina la shule ya sekondari.

Viti vya plastiki vikafichwa. Paneli ya sola kwenye paa la jirani ikafunikwa kwa majani ya migomba, na simu yake ikaishiwa chaji akitukodolea macho.

Zamu ya mama ilipofika tukakutana na tatizo kubwa zaidi. Hatua mia hivi kutoka jikoni kwake kuna mashine ya kusaga, na mlio wake unaingia kwenye kila kitu. Mratibu akaenda kumwomba mwenye mashine aizime. Yule bwana akauliza azime mpaka lini, akaambiwa mpaka tutakapomaliza kuhifadhi wimbo wa kusaga. Mashine ikazimwa. Akina mama waliokuwa kwenye foleni, kila mmoja na debe lake la mahindi, wakakaa juu ya viroba vyao kusubiri. Kwa hiyo siku ile, ili kuokoa kumbukumbu ya namna wanawake walivyokuwa wakisaga, Mbebe nzima haikusaga. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza kwa upole kama hiyo mashine yangu, ikishamaliza kurekodi, itapika na ugali. Nikajifanya nafungua nyaya.

Jiko la mama ni lile lile la utoto wangu, la udongo, jeusi kwa moshi hadi juu, na jiwe lilikuwa upande wa kulia, limekaa kwenye kitako cha udongo chenye mteremko kidogo ili unga ushuke kwenye ungo. Mama hajawahi kupeleka ulezi wa togwa mashineni. Anasema unga wa mashine unanuka dizeli. Vazi la chui alilitazama, akalikunja vizuri, akalirudisha mikononi mwa mratibu, akabaki na kitenge chake na kilemba cha kanisani. Nikaweka maikrofoni karibu na jiwe, nikavaa hedifoni, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mratibu alikaa juu ya gunia la magunzi. Afisa utamaduni akasimama na kamera.

Mama akapiga magoti, akamwaga konzi ya ulezi, akaanza kusaga bila kuimba. Alisaga muda mrefu. Mratibu akaniuliza kwa midomo, bila sauti, mbona haimbi. Nikamjibu kwa mkono kwamba jiwe linapata moto kwanza, jambo nililolitunga pale pale.

Halafu akaanza.

Sijui kama umewahi kumsikia mama yako mzazi kwenye hedifoni. Mimi nilikuwa sijawahi. Anakuwa karibu kuliko alivyowahi kuwa tangu uache kunyonya. Nilisikia pumzi yake kabla ya kila mstari, nilisikia goti lake likisugua chini, nilisikia jiwe dogo likienda na kurudi juu ya jiwe kubwa, na juu ya hayo yote sauti yake, kavu, haina haraka. Aliimba kwa Kindali. Nikiyaweka kwa Kiswahili maneno yalikuwa hivi:

Baba amerudi na watu,
amerudi na watu, kwangu hakurudi.
Amepaka chumba rangi, hakuniuliza rangi.
Tunduma sina kaburi,
asubuhi nitamwamkia nani?
Aliyenizaa nilimtii,
niliyemzaa namtii,
mimi nitatiiwa lini?

Akarudia. Kila aliporudia aliongeza kitu. Aliongeza miche ya kahawa aliyoipanda na marehemu baba yangu, ambaye kaburi lake huliamkia kila asubuhi. Aliongeza rafiki yake wa ng'ambo ya korongo, ambaye hutazamiana naye moshi asubuhi, kila mmoja ahakikishe mwenzake ameamka. Hakunitazama hata mara moja, macho yalikuwa kwenye ulezi. Mshale wa kupimia sauti kwenye mashine yangu ulikuwa unacheza vizuri, katikati kabisa, pale unapotakiwa.

"Anasema nini?" mratibu akanong'ona.

"Anasifia mavuno," nikasema.

Akaandika. Afisa utamaduni, ambaye Kindali hakijui, naye akaandika. Mlangoni walikuwa wamesogea akina mama wa foleni ya mashine, wote Kindali wanakijua, na wote walikuwa wanatazama chini. Hakuna aliyekohoa.

Mama alipomaliza alijikung'uta unga, akainuka kwa kushika ukuta, akauliza kama wageni watakunywa togwa.

Sasa kwa taratibu zetu mimi nilikuwa nimesikia, na kilichobaki kilikuwa kujua la kufanya. Nililojua kufanya ni kurudisha nyuma na kukagua kama sauti imeingia. Ilikuwa imeingia vizuri sana, haikuwa na honi hata moja. Nilijisikia vibaya, na wakati huo huo nilijisikia fundi.

Wiki ile ya kujaza fomu za mradi nilikutana na kipengele kinachosema "ujumbe wa wimbo". Niliketi nacho. Nikaandika kwamba wimbo unawahimiza wanawake kupenda kazi, na kudumisha umoja na mshikamano katika jamii. Mratibu alinisifu kwa kwenda moja kwa moja kwenye kiini. Nikajiambia kwamba wimbo ni wimbo tu, kwamba wazee wote hukataa kuhama halafu huzoea, kwamba kitanda nilikwisha kukinunua. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu, na mimi kazi yangu ni matangazo.

Kisha likaja suala la jiwe. Mradi ulikuwa unaandaa maonyesho Vwawa, na mratibu akauliza kama tunaweza kupata kifaa chenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba mama anahamia kwangu na jiwe halitakuwa na kazi tena, walichukue. Siku ya kumhamisha wakaja na gari lao nyuma ya langu. Wanaume wanne walilichimbua lile jiwe, wakalitoa jikoni wakitembea kinyumenyume, na mama akawashikia mlango. Aliwaambia waangalie vidole vyao.

Tunduma mama aliishi nasi kwa adabu za mgeni. Ukimuuliza amelalaje, amelala vizuri, baba. Chakula je, kizuri, baba. Televisheni ilimwonyesha mambo mengi, naye aliitikia yote kwa kichwa. Asubuhi alitoka na kigoda chake akakaa kwenye uchochoro kusalimia wapita njia, kama alivyozoea, akianza na habari za watu wa nyumbani, akienda kwa mifugo, akimalizia na mashamba. Vijana wa kubadilisha fedha waliokuwa wanapita mbio na mabulungutu yao hawakuwa na muda wa kufika kwenye mifugo. Mmoja alisimama, akamsikiliza kidogo, akamuuliza ana kwacha ngapi. Baada ya muda mama aliacha kutoka.

Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba mama hali. Anachokula ni cha kutuonyesha. Nikanunua juisi, nikanunua na dawa ya maji ya kuongeza hamu ya kula, ambayo tangazo lake ni langu. Nikamwambia mke wangu kwamba kama mama angekuwa na tatizo angesema. Alikuwa anakunja nguo, akaziacha.

"Atasemea wapi?" akaniuliza.

Nikatoka nje kuangalia kama gari nimelifunga.

Siku ya maonyesho ukumbi wa Vwawa ulijaa. Mabasi madogo yalileta watu kutoka Itumba na kata za juu, wakiwemo wa Mbebe, mwalimu wa kwaya akiwa amevaa suti. Mama tulimkalisha mstari wa mbele. Lile jiwe lilikuwa jukwaani, juu ya meza yenye kitambaa cheupe na maua ya plastiki, na walikuwa wamelipaka vanishi. Liling'aa. Pembeni lilibandikwa namba ya kumbukumbu, na kwenye ubao yaliandikwa maneno yangu kuhusu umoja na mshikamano kwa herufi kubwa. Fundi mitambo wa siku hiyo nilikuwa mimi. Ilipofika wakati wa kusikilizisha wimbo, niliupandisha kwa mkono wangu mwenyewe, na sauti ya mama ikajaa ukumbi, pumzi, goti na yote.

Kwenye mstari wa pili vichwa vya watu wa Ileje vilianza kugeuka. Nimewahi kuona watu wakimgeukia mwizi sokoni, wanamtazama kwa hamu. Hawa walinitazama kidogo tu, halafu haraka wakatazama kwingine, kwa kuwa taratibu zinawakataza kujua kilichosemwa. Heri wangenizomea. Wakati huo mgeni rasmi, ambaye naye Kindali hakijui, aliguswa na mdundo wa jiwe akainuka kucheza, na msafara wake ukainuka naye. Wimbo ulipofika kwenye "mimi nitatiiwa lini" alikuwa anapunga leso, na wapiga picha wakampigia magoti.

Mshereheshaji akaona nafasi. Akamwita mama jukwaani atuonyeshe kidogo jinsi ilivyokuwa. Ulezi haukuwepo, hakuna aliyeukumbuka, kwa hiyo mtu akakimbia dukani akarudi na pakiti ya unga wa sembe uliokwisha kusagwa, akaumwaga juu ya lile jiwe. Mama alipanda taratibu. Aliupangusa unga kwa kiganja, akalipapasa jiwe, akanusa vidole vyake. Mshereheshaji akamsogezea maikrofoni, akamwomba mstari mmoja tu, mama yetu, mmoja tu.

Mama alisema kwa Kiswahili, kile chake chenye Kindali ndani, neno moja moja, ili kila mtu aelewe.

"Wimbo huu ulikuwa wa mtu mmoja. Ameshausikia."

Mshereheshaji akaomba makofi kwa busara za wazee. Meza kuu ilipiga makofi. Watu wa Ileje hawakupiga.

Niliacha mitambo ikiwa inaunguruma, nikapanda jukwaani nikamshika mama mkono. Kwa afisa utamaduni nikaomba jiwe. Yule dada alinionea huruma kweli, lakini akasema limekwisha kuingizwa kwenye rejista, haliwezi kutoka bila barua ya mmiliki. Nikamwambia mmiliki huyu hapa. Akafungua rejista akanionyesha: mmiliki ni mradi, na aliyetia saini ya kukabidhi ni mimi. Mratibu alikuwa anahojiwa na redio, anaeleza jinsi walivyomfikia mwanamke wa kijijini akapaza sauti.

Tukaondoka bila jiwe. Pale njia panda ya Mpemba, kushoto ni Ileje na moja kwa moja ni kwangu. Nilikata kushoto. Mama hakuuliza, nami sikusema, kwa sababu nilidhani nikikata kona vizuri nitakuwa nimekwisha kujibu kila kitu. Tulifika Mbebe jua likiwa bado lipo. Alifungua jiko, akasimama pale mlangoni akitazama upande wa kulia, kwenye shimo lililobaki, ambamo kuku alikuwa ameshaanza kutaga. Nilianza kusema kwamba nitatafuta jiwe lingine, kwamba nitaleta na vitu vyake vyote kesho. Akaninyamazisha kwa mkono.

Hakuniita baba.

"Mwanangu," alisema, "jiwe mmelichukua. Kwa hiyo leo nakwambia kwa mdomo. Kaa chini."

Nikakaa kando ya lile shimo. Mama akamtoa kuku nje, akafunga mlango, akaanza na mambo ya zamani kabisa.